Weka Funguo Zote Mezani

Vijana mnaotengeneza funguo na kompyuta za magari, hii ni yenu. Hakuna aliyeniomba kuiandika. Wengine wenu hupita hapa kwangu, nje kidogo ya Kitale, mkiuliza mashine gani ni nzuri ya kuanzia kazi, na nikianza kujibu naona macho yameshaenda kwa simu. Basi nikaona heri niandike, msome mkingoja mteja.

Naandika na mkono wa kushoto, kwa hivyo sitapamba maneno. Wa kulia haushiki kalamu. Haushiki chuma cha kulehemu pia, na hiyo ndiyo ilinitoa kazini nikiwa bado mtu wa makamo, wakati wenzangu wananunua mashine mpya. Nitawaambia ulivunjwa na nani na kwa sababu ya nani. Nitataja majina, maana wao hawakuona haya kutaja langu. Protus Wafula, aliyekuwa mwenzangu dukani. Jairo, broka wa magari. Kefa wa Kamukuywa. Wote wako hai na wanakula vizuri.

Lakini kazi kwanza.

Mimi niliachia shule darasa la saba, kwa hivyo nitaeleza vile ninavyoelewa. Gari yenye imobilaiza ni gari inayouliza swali. Pale unapoingiza ufunguo kuna mviringo wa waya umefichwa, na ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu. Ukiwasha, gari inauliza, "Wewe ni nani?" Chipu inajibu kwa namba yake. Kompyuta ikiijua hiyo namba, moto unakuja. Isipoijua, injini inazunguka tu na haishiki, hata ufunguo uwe na meno sawasawa. Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba swali linaulizwa mara moja tu, wakati wa kuwasha. Ikishawaka inanyamaza. Unaweza kutupa chipu dirishani na uendeshe mpaka Lodwar, mradi usizime.

Sasa, wakati mmoja niliitwa kwa boma moja kule juu, kwenye miteremko ya Elgon, kupita Endebess. Gari ilikuwa imekataa kuwaka. Mwenye gari, baba mmoja mnyamavu, alikuwa ameshanunua betri mpya, plagi mpya na pampu ya mafuta. Mchungaji alikuwa amekuja akaiwekea boneti mikono. Mimi niliomba ufunguo tu. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa na rababendi. Nikaitoa. Ndani hamna kitu.

"Nani alifungua huu ufunguo?"

Mama wa boma akasema, "Ulipasuka wenyewe. Mimi niliufunga tu."

"Ulipasukia wapi, mama?"

"Hapo nje. Nilikuwa nikirushia kuku mahindi, ukaanguka kwa jiwe."

Sote tukageuka tukaangalia kuku. Chipu ya aina hiyo ilikuwa ya kioo, ndogo kama punje ya mchele.

"Ni ule mwekundu," baba akasema. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu nifike. "Huyo hula kila kitu. Alikula hereni ya dada yangu."

"Usimsingizie kuku," mama akasema. "Hereni haikuonekana kwake."

"Haikutafutwa vizuri."

Nikachukua kisomeo changu cha chipu nikapitisha kwa kuku mmoja mmoja, kifua na shingo, watu wa boma wakiwashika kama wanaopelekwa chanjo. Mashine haikulia. Inasoma kwa upana wa kidole tu, na kuku ana manyoya. Mwishowe mama akasema mgeni hawezi kurudi Kitale na njaa, basi mwekundu achinjwe, na kama hana kitu baba atamwomba msamaha. Chipu ilikuwa ndani ya firigisi pamoja na changarawe, imekwaruzwa lakini nzima. Baba alisema "Nilisema!" mara nyingi kuliko alivyokuwa amezungumza mwezi mzima. Niliiosha, nikairudisha, gari ikawaka, tukala.

Tangu hapo sijafunga kichwa cha ufunguo bila kutia tone la gundi juu ya chipu. Gundi inataka uingoje ikauke, na mteja amesimama pale akikuuliza kama bado. Mwache aulize. Protus alikuwa anairuka. Alisema inapoteza wakati.

Aliyenifundisha kulehemu ni Mzee Masinde wa Bungoma, fundi wa redio. Kompyuta ya gari hakuwahi kufungua hata moja, lakini mengi ninayoyajua yalitoka kwa meza yake. Ukileta redio, hakuishika. Aliifunika kitambaa, anakuangalia juu ya miwani. "Kabra sijafungua," angesema, "nani arifungua mbere yangu?" Mteja anaapa hakuna. Mzee anafungua, anakuta skrubu mbili hazipo na nta ya mshumaa. Anafunga tena. "Rudi nyumbani, uritaje jina rake, harafu uje." Nilidhani ni ukali wa uzee. Nilipoanza kazi ya magari ndio nikaelewa. Kompyuta ambayo mtu ameshaigusa ina shida mbili, ile ya kwanza na ile aliyoitia yule mtu, na hutajua ipi ni ipi kama hujaambiwa ukweli.

Kwa mfano lori moja la mahindi hapo Kitale. Mwenyewe aliambia fundi wa kuchomelea amuwekee chuma cha nyuma. Jamaa akachomelea bila kutoa waya za betri. Umeme wa ile mashine ukapita kila mahali, ukaingia kwa kompyuta, ukaichoma. Nilipouliza nani aligusa lori, nikaambiwa hakuna mtu, na rangi ya chuma bado mbichi inanipaka suruali. Mwenyewe akaenda Nairobi akanunua kompyuta ya mtumba, namba za nje zinafanana kabisa. Akaichomeka. Lori kimya.

"Fundi, nimeuziwa takataka?"

"Hapana. Hii ni nzima. Ila bado inaota gari ya watu. Inangojea funguo za watu."

Dawa yake ni kufungua ile iliyoungua, kutafuta kidude cha kumbukumbu chenye miguu minane, kukitoa na kukisoma. Mara nyingi hicho huwa kimepona hata kama jirani zake wameungua. Halafu yale yaliyomo unayahamishia kwa ile ya mtumba, nayo inaamka ikijua iko kwa gari gani. Lakini shikeni hii: soma kwanza, hifadhi mahali pawili, halafu ndio uandike. Na usiandike betri ikiwa dhaifu. Unga chaja kabla hujaanza. Umeme ukishuka katikati ya kuandika, kompyuta inakufa mkononi mwako na haina mganga. Siku hiyo mwenye lori alipanda ndani nikiwa katikati ya kazi, akanyoosha mkono awashe redio asikilize habari. Nilimwambia, "Mzee, ukigusa hicho kitu nitakurudishia tofali badala ya kompyuta." Alishuka akaenda kusimama mbali kabisa, kule kwa wachoma mahindi.

Siku hizi nyinyi hamlehemu sana. Mnachomeka waya chini ya usukani, mashine inaongea na gari, skrini inauliza, mnabonyeza ndio, ndio, ndio. Sisemi ni vibaya. Ni haraka na haichomi vidole. Lakini kuna swali moja kwa hiyo skrini ambalo mnalipita kama geti lililo wazi. Mashine inawaambia gari inajua funguo ngapi. Hapo ndipo mkono wangu ulipotelea.

Desturi ya duka letu ilikuwa hivi. Mtu akipoteza ufunguo akataka mwingine, hatuanzi mpaka alete zote alizobaki nazo, hata ule unaokaa kwa bibi yake. Tunaziweka mezani. Tunafuta zote kwa kumbukumbu ya gari, hata zile nzuri, kisha tunaandika upya moja moja zile zilizo mezani. Hivyo ule uliopotea, hata ukiokotwa na mwizi, hauwashi tena. Mwisho tunamwita mwenye gari aje aangalie skrini. Funguo mezani mbili, namba kwa skrini mbili. Akitosheka, anaondoka. Wengine walikuwa wanacheka, "Fundi, mimi sijui kusoma hiyo kitu." Nilikuwa nawaambia, si kusoma, ni kuhesabu.

Protus alijua hiyo desturi vizuri. Tulianza pamoja, mashine ilikuwa yetu sote, na alikuwa na mikono mizuri kuliko mimi, hilo siwezi kumnyima. Shida yake ilikuwa marafiki. Jairo alikuwa anakuja pale dukani na viatu vyake vya kung'aa, ananunulia kila mtu soda, anauliza gari hii ni ya nani, inalala wapi. Mimi nilifikiri ni mdomo wa broka tu.

Mama Selina alikuwa mfanyabiashara wa nafaka pale Kamukuywa, na alikuwa na gari, Fielder nyeupe. Alipoteza ufunguo mmoja kwenye matanga, akaja Kitale na ule uliobaki. Nilikuwa nimeanza kazi yake simu ikaja: basi la shule limekwama Bungoma, limejaa watoto. Nikamwachia Protus amalizie. Protus akafuta, akaandika, akampa mama funguo mbili. Kile ambacho hakusema ni kwamba aliandika tatu.

Haikupita muda mrefu. Siku ya soko niliitwa Kamukuywa na mtu wa duka la hadiwea, pikapu yake ilikuwa inawaka ikizimika. Nikafika asubuhi na mkoba wangu, nikaketi kwa kiti cha dereva, nikaanza. Sikujua kwamba nyuma ya soko Mama Selina alikuwa amesimama mahali ambapo gari yake ilikuwa, akiangalia chini. Hakuna kioo kilichovunjwa. Hakuna aliyesikia kitu. Mtu amefungua, amewasha, ameenda.

Watu wakaanza kufikiri. Gari kama hiyo haiwaki bila ufunguo wake. Ufunguo hutengenezwa na fundi. Na fundi, kumbe yuko hapa hapa.

Kefa ni ndugu ya Mama Selina, wa tumbo moja. Alikuja akikimbia na watu nyuma yake.

"Ndiye huyu! Ndiye alitengeneza!"

Nikashuka. "Gari imefanya nini?"

"Ati imefanya nini! Fungua mkoba!"

Hakungoja nifungue. Aliunyakua akaugeuza juu chini. Vijana, hebu fikirieni mkoba wa fundi wa funguo unamwagwa katikati ya soko. Funguo za kila aina zikamwagika chini, nyeusi, za kijivu, za kukunja. Mama mmoja muuza nyanya akapiga yowe, "Uwi! Hizo ni gari za Bungoma yote!"

"Hazijakatwa bado," nikasema. "Angalieni wenyewe. Hazina meno."

"Meno yako ndiyo tutaangalia," mtu akasema nyuma, na watu wakacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilisikia kicheko.

Kefa alitoa mpini wa jeki ndani ya ile pikapu niliyokuwa natengeneza. Nikainua mkono wa kulia kukinga kichwa. Kichwa kilipona. Alipiga mara ya pili palepale, halafu wengine wakajiunga, sikuona nyuso. Nikiwa chini niliona tairi kuukuu linasukumwa kutoka kwa fundi wa pancha. Niliangalia nikaona ni la gari ndogo, nikafikiri, halitanienea. Akili ya mtu ni kitu cha ajabu. Mtu alikuwa ameshaenda kutafuta petroli.

Aliyenikinga na kifo ni Mama Selina, na hakufanya kwa huruma. Alipita katikati yao akasimama juu yangu.

"Mkimchoma, gari yangu nitaulizia majivu?"

"Dada, toka hapo," Kefa akasema. "Huyu ataongea akiona moto."

"Ataongea na mdomo gani? Nyinyi watu mmewahi kusikia majivu yakitaja namba ya gari?"

Hapo ndipo simu yangu ikalia. Ilikuwa mkononi mwa Kefa, alikuwa ameninyang'anya. Akaiwasha spika, akaishika juu ili kila mtu asikie.

"Halo? Ni fundi wa funguo?" Sauti ya mwanamume, mpole, ana wasiwasi kidogo. "Nimepata namba yako kwa stika hapa kwa kioo. Niko Lwakhakha. Gari imekataa kuwaka."

Tulikuwa tunabandika stika ndogo kwenye kioo cha kila gari tuliyoitengeneza, yenye jina la duka na namba ya simu, ili mtu akikwama njiani atupigie.

"Gari gani?" Kefa akauliza.

"Fielder. Nyeupe."

Umati ukanguruma. "Mmesikia!" Kefa akapaza sauti. "Vijana wake wanampigia ripoti! Wako mpakani tayari!" Jiwe likanipata bega.

Mama Selina akamnyang'anya simu. Alipiga magoti kwa vumbi, akaisogeza karibu na mdomo wangu. Akaninong'onezea, "Wanyonyi, ongea naye kama kawaida. Kama mteja."

Nilikuwa na damu mdomoni. Nikatema, nikauliza kile ambacho huwa nauliza kila mtu. "Ilikataa lini?"

"Sasa hivi tu. Nimekuja nayo vizuri. Nikazima ninywe chai, nimerudi, inazunguka lakini haishiki."

"Kwa dashibodi kuna taa ya ufunguo?"

"Iko. Inapepesa."

"Shika ufunguo uniambie kichwa kikoje."

"Kimefunguka kidogo upande mmoja."

"Kitikise."

Tukangoja. Soko lote lilikuwa linangoja. "Hakuna kitu kinalia, fundi."

Nikajua. Chipu ilianguka gari ikiwa imeshawaka, na hiyo gari ilifika Lwakhakha kwa sababu haikuwa imezimwa. Nikajua pia ni nani hutengeneza funguo bila gundi.

"Sikia," nikamwambia. "Imeangukia ndani hapo, chini ya kiti ama kwa mkeka. Ni kitu kidogo cheusi, kama kipande cha makaa. Usisukume gari, usiite fundi mwingine, atakuharibia kompyuta. Piga magoti utafute polepole."

"Sawa, fundi. Asante sana. Mungu akubariki."

"Na huo ufunguo ulipewa na nani?"

"Si ni Jairo, yule broka. Mimi ni dereva tu, nimeambiwa nilete gari kwa mnunuzi. Alisema umetengenezwa na Protus wa Kitale. Si ni wa hapo kwenu?"

Mama Selina akakata. Akaingiza mkono kwa leso aliyojifunga kiunoni, akatoa funguo mbili, akazishika juu watu wazione. "Zangu ni hizi. Ziko zote. Kwa hivyo huyo wa Lwakhakha ana ya tatu." Halafu akasema kitu ambacho nadhani ndicho kilinirudisha kati ya watu. "Gari yangu ya kwanza huyu Wanyonyi alinifanya nihesabu kwa skrini mpaka nikachoka. Yule Protus nilimwambia anionyeshe, akasema mashine imeisha moto."

Akapigia askari wa kule. Walimkuta dereva bado amepiga magoti kando ya kiti na tochi ya simu. Na mnajua, alikuwa mtu mwaminifu kwa njia yake. Kabla hawajamfunga pingu alinipigia tena. "Fundi, nimeipata! Ni kweli, ni kama makaa!" Halafu nikasikia mlango wa gari ukigongwa.

Tairi lilirudishwa kwa mwenyewe. Watu waliondoka kama wanaotoka kwa mkutano wa chifu, wanaongea mambo mengine. Kefa aliniwekea simu kwa mfuko wa shati, kwa sababu mkono wangu haungeweza kuipokea. "Si unajua watu wakiwa wengi, fundi," akasema. Akaenda kuchukua gari pamoja na dada yake.

Hospitali walifunga mifupa, lakini vidole vitatu havikurudi. Vinakunjika nusu, vinasimama hapo. Nilijaribu. Nilishika chuma cha kulehemu na mkono wa kushoto nikaharibu bodi nzuri ya mtu. Nikaacha. Sehemu yangu ya mashine nilimuuzia kijana mmoja wa Bungoma, anaitunza vizuri.

Kesi ilianza, ikazunguka, ikakufa. Dereva aliachiliwa akatoweka. Jairo alisema hamjui mtu anaitwa Protus. Protus alivuka Uganda akakaa, na siku moja akarudi kana kwamba alikuwa ametoka kununua mkate. Leo ana duka Bungoma, lina bango lenye picha ya ufunguo mkubwa kuliko mlango. Baadhi yenu mnajifunza kwake, najua. Ana mikono mizuri, nimesema. Jairo bado ni broka, na kwenye harambee anakaa meza ya mbele. Kefa ni mweka hazina wa kanisa lao. Nikikutana nao mjini wananisalimia, nami naitikia. Salamu haitengenezi kidole, na kukataa salamu pia hakutengenezi.

Mniruhusu niwape moja la mwisho la kazi, na litakuwa la Kefa, kwa sababu ndiyo gari ya mwisho niliyoshughulikia.

Alikuja hapa kwangu mchana, kwa bodaboda, amekumbatia kitu kimefungwa na taulo. Alisimama mlangoni.

"Hodi, fundi."

"Karibu."

Akafungua taulo. Ilikuwa kompyuta ya gari yake. Funguo zake zote mbili zilikuwa kwa mnyororo mmoja, na mnyororo umeanguka mtoni gari ikioshwa. Hakuna hata mmoja. Gari imekaa, mke wake anasukuma mkokoteni kwenda soko.

"Ulitoa waya za betri kabla hujaitoa hii?"

"Nilitoa."

"Nani amegusa ndani?"

"Hakuna. Naapa."

Nikaangalia skrubu. Zilikuwa nzima. "Protus ana duka kubwa," nikasema. "Na ana vijana."

"Kwa Protus siwezi, fundi. Si atabaki na ufunguo wangu?"

"Atabaki."

Akakohoa. "Wewe wajua."

Mashine sikuwa nayo, lakini kisomeo cha zamani nilikuwa nacho kwa katoni, na chuma cha kulehemu, na funguo tupu kidogo. Nilikosa mkono tu. Nikamwambia akae kwa kiti changu. Nikachomeka chuma, kikapata moto, nikampa.

"Mimi?" akasema.

"Uko na mikono mingine?"

Mimi nilishika lenzi kwa kushoto, yeye akashika chuma. Mikono yake ni ya kubeba magunia. Jasho lilimtoka mpaka nikamwekea kitambaa kwenye paji la uso lisidondoke kwa bodi.

"Usibonyeze. Gusa tu. Hesabu moja, mbili, toa."

"Imetoka?"

"Huo ni mguu mmoja. Iko minane."

"Mungu wangu."

Tulitoa kile kidude cha kumbukumbu, mguu kwa mguu. Nikakisoma, nikahifadhi mara mbili. Nikaandika funguo mbili mpya, nikamwonyesha namba kwa skrini ya kisomeo, akahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Akarudisha kidude mahali pake, mguu kwa mguu. Vichwa vya funguo akavitia gundi yeye mwenyewe. Meno angechongewa kwao na mkata funguo, akifuata kufuli la mlango wa gari. Wakati gundi ikikauka hatukuwa na cha kufanya, na macho yake yakaenda pale ambapo yalikuwa yakikwepa tangu aingie.

"Huwa unauma?"

"Wakati wa baridi."

"Kitale ni baridi."

"Ndiyo."

Akafunga kompyuta kwa taulo, akanilipa vile nilivyosema bila kubishana, akapanda bodaboda. Kabla ya jua kutua akapiga simu. Nilisikia injini nyuma ya sauti yake, ikinguruma vizuri, bila kukosa.

"Fundi, imeshika! Mara ya kwanza tu!"

"Vizuri. Izime, uwashe na ufunguo wa pili."

Ikazima. Ikawaka.

"Nayo pia! Sasa, fundi… tumemaliza?"

"Gari tumemaliza," nikamwambia.

Hakukata simu. Mimi pia sikukata. Tulikaa hivyo, kila mtu akisikiliza ile injini, mpaka salio lake likaisha.